Stimu Katika Banda la Majembe

Banda lilikuwa la mama mkwe wangu, nyuma ya bustani yake ya mboga, pale Ruangwa. Kabla sijaligusa lilikuwa na kuta za fito na udongo zilizoinamia upande mmoja, na paa la nyasi ambalo kuku walilichakura wapendavyo. Ndani aliweka majembe, matenga, vibuyu vya mbegu za ufuta na mbaazi, na mahindi ya mbegu aliyoyafunga mafungu na kuyaning'iniza darini. Mtu mzima hakuweza kusimama humo bila kuinama. Hilo ndilo banda nililolitia nguvu zangu zote za ujana, na ndilo lililonitenga na mke wangu na watoto wangu.

Sikuwa mwenyeji wa Ruangwa. Mimi ni Mmakonde wa Newala, na kilichonishusha hadi Nachingwea ni kile kilichowashusha wengi: Wazungu wa mradi wa karanga. Walitaka watu, nasi tulikuwa tunatafuta kazi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchoma miti. Matingatinga yaling'oa msitu kwa minyororo mikubwa, mninga na mpingo vikasukumwa kwenye safu ndefu, nasi tukapewa viberiti. Kwetu mchongaji anaweza kutembea kutwa nzima akitafuta kipande kizuri cha mpingo. Pale niliuchoma kama kuni za kuchemshia maji, tena niliusimamia mpaka ukaisha, kwa sababu msimamizi hakutaka kuona kisiki.

Baadaye nikahamishiwa kikosi cha stimu. Nilijifunza kuvuta waya, kufunga swichi, kuzika chuma cha ardhi, na kumheshimu yule mnyama asiyeonekana. Niliwatilia Wazungu taa sebuleni, jikoni, hata chooni, kisha jioni nikarudi kambini kwetu kuwasha koroboi. Hakuna aliyetukataza kwa maneno tusitie taa kwenye mabanda yetu. Ila nguzo ziliishia kabla ya kufika kwetu.

Kwenye karakana yao kulikuwa na mashine ya kukerezea mbao. Fundi wake alikuwa Mtaliano mmoja mwenye vidole vitatu mkono wa kushoto, na mchana wenzake walipokwenda kula, aliniachia niitumie. Nilikuwa nimekulia kwenye tezo na patasi, najua mti unavyokataa na unavyokubali. Lakini kuuona mpingo unazunguka mbele yangu, na patasi yangu ikiugusa kidogo tu, unatoa ganda jembamba kama la kitunguu, ilikuwa raha ambayo sikuwahi kuipata. Tangu siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu kichwani: siku moja na mimi niwe na chumba changu, mashine yangu, na taa yangu juu yake.

Mke nilimpata Ruangwa, katika safari za kupeleka vifaa. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa mikono, na mbishi kwa sauti ya chini. Kwa Wamwera, kama ilivyo kwetu Wamakonde, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe. Siwezi kusema sikujua. Baba yangu mwenyewe aliishi maisha yake yote kwenye uwanja wa watu wengine, akiongea polepole. Lakini kijana akipenda hudhani desturi zimetungwa kwa ajili ya wazee. Nikajenga nyumba ya vyumba viwili kwenye uwanja wa mama yake, nikawa nakuja kila nilipopata ruhusa. Tukapata mabinti wawili.

Kisha karanga zikagoma. Mvua zilikosea, udongo ulikuwa mgumu, na jembe lao la chuma lilivunjika kwenye ardhi ambayo bibi zetu wanaisubiri ilainike kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini wakaanza kufungasha. Walivyokuja kwa kishindo, waliondoka wakiuza mpaka bawaba za milango. Kwenye lundo la vyuma chakavu nilikuta injini ndogo ya mafuta ya taa, dainamo yake, na mota iliyokuwa ikizungusha pampu ya maji. Wafanyabiashara walivipita kwa sababu vilikuwa vimeungua upande mmoja. Akiba yangu yote iliishia pale. Nikavitengeneza, nikavipakia kwenye lori pamoja na waya, globu na swichi nilizookota, nikaenda Ruangwa kukaa moja kwa moja.

Tatizo likawa mahali pa kuviweka. Nyumba yetu ilikuwa na watoto na vyungu. Nikaliona lile banda.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, anayeamka kabla ya jogoo. Yeye na mimi hatukuwa tunasemeshana. Ndiyo heshima: mkwe na mama wa mkewe hawatazamani usoni, na kama kuna neno, linapitia kwa mtu wa katikati, hata kama wote mmesimama uwanja mmoja. Kwa hiyo nilimwambia mke wangu, naye akamgeukia mama yake aliyekuwa akipepeta ufuta hatua chache kutoka nilipokuwa.

"Mama, baba watoto anaomba banda la bustani aweke mashine zake."

Mama yake hakuacha kupepeta. Alijibu kwa Kimwera, ambacho wakati huo nilishakisikia vizuri.

"Mwambie mumeo kwamba lile ndilo ghala langu la mbegu. Nimwachie ghala, mbegu nikalaze wapi?"

"Anasema atakuachia pembe moja na dari yote."

Akapepeta kwanza. Kisha akasema, "Mwanamume akikosa kazi huanza kuwa na maneno. Mpe. Lakini dari ni yangu."

Mjomba mkubwa wa mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa na kauli juu ya uwanja ule na watu wake, naye aliridhia. Alitaka jambo moja tu, kwamba waya mmoja ufike mlangoni kwake. Alikuwa na duka dogo, na alipenda sana kupita wenzake.

Nililijenga upya banda lile kiangazi kizima. Nilibomoa paa, nikanyanyua kuta, nikaongeza nguzo za mkarambati kila pembe ili mtu asimame bila kuinama. Sakafu niliimwaga kwa udongo wa kichuguu, nikaushindilia kwa mchi mpaka ukalia chini ya kisigino kama saruji. Mapipa niliyapasua, nikayanyoosha kwa nyundo, yakawa bati. Dirisha la upande wa kaskazini nililifanya pana, maana anayekereza anahitaji mwanga usiobadilika. Injini sikuiweka ndani. Niliijengea kibanda chake nyuma, nikatoboa ukuta kupitisha waya, na bomba la moshi nikalielekeza porini. Chuma cha ardhi nilikizika mahali mama mkwe wangu alipokuwa akimwaga maji ya kuoshea vyombo, maana ardhi kavu haipokei stimu vizuri. Waya niliupigilia ukutani juu ya vibao vya mninga nilivyovipiga randa. Havikuwa na haja ya kupigwa randa. Nilitaka tu viwe vizuri.

Mashine ya kukerezea niliiunda mwenyewe kwa boriti mbili za mninga na vyuma vya trekta. Dari niliiacha kama nilivyoahidi. Nilitengeneza hata viguzo vya kuning'inizia mahindi, imara kuliko vile vya mwanzo.

Mara ya kwanza kuwasha, watu walijaa bustanini wakakanyaga mchicha. Nilizungusha mkono wa injini, ikakohoa, ikakataa, nikaizungusha tena. Ilipokubali niliingia ndani, nikabonyeza swichi. Globu iliwaka hafifu, kisha ikajaa. Watu hawakupiga kelele kama nilivyotazamia. Waliingia mmoja mmoja, wakaitazama, wakatoka wakifikicha macho. Mjomba alisimama mlangoni kwake chini ya taa yake, mikono nyuma, akiwaamkia wapita njia ambao siku zote alikuwa hawaamkii.

Mama mkwe wangu alikuja wa mwisho. Aliinua macho darini, si kwenye taa, akayakagua mahindi yake. Akamwambia mke wangu, "Mwambie mumeo inanuka."

Nilicheka wakati ule. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hasikii vizuri.

Miaka miwili, mitatu, mambo yalikwenda. Nilikereza matendegu ya vitanda, miguu ya meza, michi, hata vishikio vya majembe. Ikafika mahali bibi harusi wa Malolo hakubali kitanda chenye matendegu ya kuchonga kwa tezo. Alitaka yangu, yenye mapete matatu na kikombe chini. Watu wa Chunyu na wa huko Mbwemkuru walileta magogo yao kwa baiskeli. Wenye maduka walileta betri za redio zao nizichaji. Mke wangu ndiye aliyepiga msasa. Alikaa mlangoni juu ya gogo, kitambaa kichwani, vumbi la mninga limemjaa kwenye nyusi, akisugua tendegu mpaka linateleza. Alikuwa na jicho kali kuliko langu. "Hili limenenepa," aliniambia, nikilipima nakuta kweli limenenepa. Nikikumbuka michana ile, injini inanguruma nyuma na yeye ananung'unika wimbo usiosikika, najua sikuwahi kuwa karibu na mtu mwingine kiasi kile.

Kisha akarudi kaka yake.

Shemeji yangu alikuwa ameishi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi, na alirudi na kofia, shati la mikono mirefu, na hakuwa na kazi. Sikumchukia. Alikuwa mchangamfu, anajua kusimulia. Nikamfundisha kuwasha injini, kuchaji betri, na matendegu ya kawaida. Alishika haraka. Lakini aliona kazi kama mtu anavyoona chakula kwao: ukihisi njaa unaingia, ukishiba unatoka. Alikaribisha rafiki zake wakae humo wazungumze chini ya taa. Alimwazima huyu patasi, yule msumeno. Nikimuuliza, husema, "Si wataleta, shemeji? Ni watu wetu hao."

Patasi zangu nzuri, zile nilizozileta kutoka Nachingwea, zikaanza kupungua. Moja niliikuta inatumika kufukulia muhogo. Nikaenda kwa Mhindi nikanunua kufuli, nikapigilia komeo mlangoni.

Mke wangu aliliangalia lile kufuli.

"Na mama akitaka mbegu?"

"Aseme, nitafungua."

"Mama aseme kwako?"

"Aseme kwako, wewe uniambie. Si ndivyo tunavyofanya kila kitu hapa?"

Hata leo naamini fundi ana haki ya kufunga mlango wa vifaa vyake. Nimewauliza mafundi wengi, hakuna aliyeniambia vingine. Lakini mafundi hao wote wako kwenye viwanja vyao.

Mwishoni mwa mwaka huo mafuta ya taa yaliadimika Ruangwa. Nikapanda lori kwenda Nachingwea kuyatafuta, ufunguo umefungwa kwenye ncha ya shuka yangu. Nilitegemea kurudi kesho yake. Mafuta sikuyapata haraka, na nikiwa huko mvua za kwanza zikaanguka, mapema kuliko ilivyotazamiwa, nzito, barabara ikakatika. Nilikaa kwenye kibanda cha rafiki nikitazama tope na kuhesabu hasara ya kazi niliyoiacha. Mbegu za mama mkwe wangu hazikunijia akilini hata mara moja.

Huku nyuma ardhi ilikuwa imelainika na kila mwanamke alikuwa shambani anapanda. Mama mkwe wangu alisimama mbele ya banda lake, mlango umefungwa kwa chuma, mbegu zake zinaonekana zikining'inia nyuma ya vyuma vya dirisha. Alisubiri. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba mama yake alimkataza mtu yeyote asiguse lile kufuli, akisema mwenye ufunguo atakuja. Jirani zake walikuwa wamekwisha panda, wengine wakapita wakamuuliza kwa upole kama mwaka huu amepumzika. Ndipo shemeji yangu akachukua shoka. Hakuvunja kufuli tu. Alivunja komeo, na kipande cha mwimo, na mlango wote ukaning'inia.

Niliporudi, tope mpaka magotini, nilikuta mlango wazi, mvua imeingia, mota imelowa. Matendegu ya kitanda cha watu wa Malolo yalikuwa yametupwa chini, na mbuzi walikuwa wamelala juu ya takataka za randa. Patasi moja ilikuwa imekanyagwa ikazama kwenye sakafu yangu. Shemeji alikuwa barazani anakula.

"Nani kavunja?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Mimi. Mama alikuwa anataka mbegu zake."

"Na ukishatoa mbegu, mlango haufungwi? Mota inalowa, unaitazama?"

"Shemeji, usinipigie kelele kwenye banda letu."

"Banda lenu?" nikasema. "Banda lenu lilikuwa kichaka cha kuku. Hiki ni kiwanda changu. Nyinyi hapa hamkuwahi kujenga kitu ambacho upepo ulishindwa kukiangusha."

Niliyasema hayo kwa sauti, uwanjani, mama mkwe wangu akiwa jikoni na mke wangu mlangoni. Shemeji aliosha mikono yake taratibu, akaenda kwa mjomba.

Mimi nilikuwa nimeshaamua. Kule Nachingwea rafiki yangu alinionyesha nyumba za kambi zilizoachwa. Mtu aliweza kupanga moja yenye banda la saruji nyuma, bila mjomba wala dari ya mtu. Jioni nikamwambia mke wangu tuhame, yeye na mimi na mabinti. Nilimweleza vile banda lilivyo, ukuta wake ulivyo mnyoofu, mashine nitaiweka wapi, na yeye atakaa wapi akipiga msasa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nikiumwa huko," akasema, "nani ataniosha?"

"Mimi nipo."

"Na wewe ukiumwa? Na watoto wakivunja ungo, nani atawaweka ndani? Wale majirani wa kambini, kila mmoja na kabila lake?"

"Watu wanaishi huko."

"Wanaishi," akasema. "Lakini hapa ninapanda, ninavuna, nina mama. Wewe unataka nikakae mlangoni kwa mashine."

"Hukuwa ukilalamika."

"Nilikuwa kwetu."

Nilimwambia maneno mengine ambayo hayakunisaidia. Hakulia, wala hakupandisha sauti. Alichukua mikeka ya watoto akaenda kulala nyumbani kwa mama yake, na kesho yake mjomba akaniita kikaoni.

Walikaa mbele ya duka lake, wanaume wa ukoo na wanawake wazima nyuma yao. Mjomba alianza kwa upole. Alinisifu. Alisema nimeleta mwanga, watu wametujua. Kisha akasema, "Tumesikia mkwe wetu anataka kuhama. Hatumzuii. Mtu haolewi kwa kamba. Mwanamke amesema anabaki, na watoto ni wa kwake. Sasa tuseme kuhusu vitu."

"Vitu ni vyangu," nikasema. "Kila mtu anajua."

"Injini ulikuja nayo. Dainamo na mota ulikuja nazo. Tezo yako ulikuja nayo. Hivyo chukua."

"Na mashine ya kukerezea? Na waya? Taa? Bati?"

"Zile boriti ulizikata wapi?"

"Porini."

"Pori la nani? Na waya umeupigilia kwenye ukuta. Ukuta ni udongo wa hapa. Kilichopigiliwa msumari ni cha ukuta, mkwe. Mtu akihama haondoki na milango."

Wanaume wakaguna kukubali. Nilitazama mmoja baada ya mwingine. Wawili kati yao nao walikuwa wameoa pale, wageni kama mimi, nao waliguna pamoja na wengine, macho chini. Ndipo nikafanya jambo ambalo halifanywi. Nikageuka nikamtazama mama mkwe wangu usoni, nikamsemesha.

"Mama, wewe ndiye mwenye banda. Sema wewe. Nilikuharibia au nilikutengenezea?"

Wanawake walishika midomo. Yeye alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu niwe mume wa binti yake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, kipande kipande, ili nisiseme sikuelewa.

"Wewe tengeneza. Zuri sana. Mimi ona." Akatafuta neno. "Halafu mimi simama nje, mbegu iko ndani, mvua inanyesha. Watu wananipita na jembe. Sisemi na wewe. Nitaomba nani?"

Jibu nilikuwa nalo, ninalo mpaka leo, kuhusu patasi na kuhusu muhogo, lakini hakuna aliyekuwa akiniuliza.

Tulipakia injini kwenye lori la mfanyabiashara wa ufuta. Nililegeza mota kwa mikono yangu, nikaacha waya unaning'inia kama nilivyoagizwa. Mke wangu alitoka, akaniletea tezo iliyofungwa kwenye kitambaa na kibuyu cha maji ya njiani. Aliniambia nisikae nyuma, nitarushwa. Binti mkubwa alinishika shati, akaitwa, akaachia.

Kwa hiyo wao walibaki na taa zisizo na stimu, na mimi niliondoka na stimu isiyo na taa. Nachingwea sikupata lile banda la saruji. Alilipanga mwenye kinu cha kukoboa. Injini yangu ikakaa chini ya turubai kwa msimu mzima, kisha huyohuyo mwenye kinu akainunua, nami nikaajiriwa kuiangalia. Unga ukawa unanijaa kwenye nyusi. Mwaka uliofuata alikuja mtu kutoka Ruangwa kuomba talaka ya binti yao, nikaitoa. Nilijua asiyetoa hubaki akishikilia hewa.

Nilirudi Ruangwa mara moja tu. Binti yangu mkubwa alikuwa anatolewa unyagoni, na ukoo, kwa haki yao, ukaniita baba yake. Nilikwenda na kanga mbili na kilo za sukari. Wanawali walitoka wameng'aa kwa mafuta, na mikononi mwa binti yangu kulikuwa na bangili za shaba zilizosokotwa vizuri. Niliutambua waya wangu kabla sijauona karibu. Nikamuuliza nani kazitengeneza, akasema mjomba wake, yule shemeji yangu wa zamani. Nikamwambia zimempendeza, na ilikuwa kweli.

Banda lilikuwa palepale. Bati langu lilikuwa limeshika kutu lakini halikuvuja. Mlango ulikuwa umerudishwa bila komeo, na ndani majembe yameegemezwa kwenye boriti za mashine, kuku wanatagia kwenye sanduku la misumari. Darini mahindi yalijaa kwenye vile viguzo vyangu. Mama mkwe wangu wa zamani alipita na tenga, akanipa kisogo kwa heshima ileile ya zamani. Mama watoto nilimwona kwa mbali, amenenepa kidogo, anagawa chakula. Alinitumia sahani kupitia kwa mtoto, nyama nyingi juu.

Nilipewa nafasi kwenye benchi la wageni, karibu na mume mpya wa mama watoto. Alikuwa mkulima kutoka ng'ambo ya Ruvuma, mpole, mikono yake mikubwa imetulia magotini. Tulikula. Baada ya muda akaniashiria banda kwa kidevu.

"Wanasema wewe ndiye uliyelijenga."

"Ndiyo."

"Hiyo mashine ilikuwa inafanya nini hasa?"

"Inakereza matendegu ya vitanda."

Akafikiri. "Na tezo haiwezi?"

"Inaweza," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeridhika na jibu, akanisogezea bakuli la mchuzi. Nikachovya. Lori la jioni lilipopiga honi barabarani, nikanawa mikono, nikaaga waliokuwa karibu, nikapanda.